Safari ya Watu Wawili

Mtu akisimama asubuhi katika nyanda za Isinya, huona upande wa kaskazini magharibi vilima vya Ngong vimejipanga kama vifundo vya ngumi. Mara kwa mara, juu ya malisho ya ng'ombe, hupita eropleni ndogo iliyoruka kutoka uwanja wa Orly ulio katika nyanda hizo. Marubani wake si watumishi wa kampuni kubwa. Wengi ni watu warukao kwa kupenda, waitazame nchi kwa furaha ya macho. Vilima vile na eropleni hizi vina habari moja ya zamani inayoviunganisha, nayo inastahili kukumbukwa.

Urukaji wa watu binafsi ulianza Kenya katika miaka ya 1920. Chama cha marubani wa Afrika Mashariki kiliundwa Nairobi mwaka 1927, na mwaka 1929 Bibi Florence Kerr Wilson akaanzisha kampuni ya eropleni; jina lake ndilo linaloitwa uwanja wa Wilson hata leo. Chombo kilichopendwa siku zile kiliitwa Gipsy Moth. Kilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, yaliyofunikwa kitambaa, na viti viwili visivyo na paa, kimoja mbele na kingine nyuma. Aliyekipanda alipigwa na upepo na mvua kama mtu aliye katika mtumbwi.

Mmoja wa waliokuwa na chombo hicho alikuwa Denys Finch Hatton, mwindaji na kiongozi wa misafara, mwana wa ukoo mkubwa wa Uingereza. Alifika katika nchi hii mwaka 1911. Mwaka huo huo Wamaasai walitiwa katika mapatano ya pili na serikali ya Kiingereza, wakaondolewa Laikipia na kusukumwa kusini, katika nchi ambayo Isinya ni sehemu yake. Hivyo nchi ile ile ilikuwa uwanja wa bahati kwa mgeni, na kwa wenyeji ilikuwa mahali pa kuanza maisha upya baada ya kupoteza malisho mema.

Mwezi wa Mei 1931 Finch Hatton aliruka kwenda pwani kuitazama nyumba yake ya Takaungu, na katika kurudi atafute makundi ya tembo karibu na Voi. Alifuatana na mtumishi wake, Mkikuyu aliyeitwa Kamau.

Njia ya anga kutoka Nairobi hadi pwani ni ya kustaajabisha. Kwanza hupita nyanda za Athi na Kapiti, palipo na nyumbu na pundamilia. Kisha huja vilima vya Ukambani, na baada yake nyika ya Tsavo, pana na nyekundu. Reli iliyofika Nairobi mwaka 1899 hukata nchi hiyo kama uzi, na marubani wa zamani waliitumia kuwa dira yao. Mwisho minazi hutokea, kisha bahari, na povu jeupe juu ya mwamba wa matumbawe. Kaskazini ya Mombasa, kabla ya Kilifi, ipo Takaungu kando ya hori yake. Mji wa kale ambao baadhi ya Wamazrui waliuhamia baada ya kupoteza utawala wa Mombasa mwaka 1837.

Safari ya kurudi haikutimia. Tarehe 14 Mei 1931 eropleni iliondoka Voi asubuhi, ikazunguka juu ya uwanja, kisha ikaanguka na kuwaka moto. Waliokuwa ndani wote wawili walikufa. Sababu ya ajali hiyo haikupata kujulikana kwa hakika.

Finch Hatton alizikwa katika vilima vya Ngong, mahali alipopapenda. Baadaye ndugu yake alisimamisha nguzo ya mawe juu ya kaburi, ikatiwa bamba lenye jina la marehemu. Rafiki yake, Karen Blixen, alimwandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1937, na mwaka 1985 habari zake zikafanywa sinema iliyotazamwa duniani kote. Hata sasa wageni huenda kulizuru kaburi lile.

Na Kamau? Katika bamba lile jina lake halimo. Katika vitabu vingi hutajwa kwa sentensi moja, kwa jina moja, bila ukoo wala kijiji. Lakini alipanda chombo kile kile, akaitazama nchi ile ile kutoka juu, na moto uliomwua bwana wake haukumbagua. Yamkini alikuwa miongoni mwa Wakikuyu wa kwanza walioiona nchi kwa jicho la ndege. Aliyoyaona na aliyoyawaza hakuna aliyemwuliza.

Nimeisimulia habari hii si kwa kumdharau rubani, maana alikuwa na ushujaa wake. Nimeisimulia kwa sababu historia nayo yaweza kutazama kama mtu aliye ndani ya eropleni. Kutoka juu huona mito, milima na majina makubwa. Mchungaji na mtumishi huwaona kama nukta, au hawaoni kabisa. Ardhi ya Wamaasai ilihesabiwa kuwa tupu na watu walioitazama kwa mbali namna hiyo.

Wahenga walisema, aliye juu mngoje chini. Kijana asomaye historia na angoje chini, na kila chombo kitakapotua aulize: nani mwingine alikuwa ndani, jina lake nani, na watu wake wako wapi?