Kaboksi Kalikokula Harusi ya Watu: Historia ya Pawa Saplai, Kutoka Wati 38 Mpaka 850

Leo hatuna umbea wa mastaa. Au tuseme upo, ila staa mwenyewe ni kale kaboksi ka chuma kanakokaa kwenye kona ya kompyuta, kenye feni na waya kibao, ambako hakuna mtu anakapiga picha akaposti.

Kuna mhariri wa video mmoja hapa Dar, jina nalihifadhi, kazi zake wengi wenu mmeziona bila kujua ni zake. 2023 alinunua kadi ya grafiksi ya mtumba, RTX 3090, ili kurenda kuwe fasta. Akanipa laki tatu niende Kariakoo nikamletee pawa saplai ya kuiendesha. Dukani nikakuta moja imeandikwa "750W" kwa herufi kubwa za dhahabu, elfu hamsini na tano tu. Nikaona nimewahi. Nikarudi na chenji, bosi akanisifu mbele ya watu.

Plagi za kadi hazikutosha, tukaongezea adapta. Hiyo ilikuwa dalili, tukaipuuza. Wiki ya tatu, saa nane usiku, mashine ikiwa inarenda harusi ya mteja, tukasikia "paa!" na harufu ya kuungua. Mazabodi ikafa. Diski mbili zikafa. Humo ndani kulikuwa na harusi nzima, pamoja na bibi yake bi harusi akitoa nasaha. Bibi huyo alifariki siku kumi baada ya sherehe.

Hela za watu zilirudishwa. Sauti ya bibi haikurudi. Na aliyenunua kale kaboksi ni mimi.

Tangu siku hiyo nikaanza kusoma. Niliishia kidato cha nne na fizikia nilikuwa naikimbia, kwa hiyo naeleza kwa namna nilivyoelewa mimi.

Kazi yake hasa ni nini?

Umeme wa ukutani kwetu ni volti 230, mkondo geu. Kompyuta haili huo. Inakula mkondo mnyoofu wa volti ndogo: 12, 5 na 3.3. Pawa saplai ndiye mpishi wa kati. Anapokea gunia la mahindi, anatoa ugali kwenye sahani. Mpishi akizingua, hakuna anayekula, na saa nyingine wote wanaumwa tumbo.

Zamani kazi hii ilifanywa na transfoma kubwa la chuma, zito, na moto mwingi ulipotea bure. 1977 ilipotoka Apple II, Steve Jobs hakutaka feni ndani ya kompyuta kwa sababu ya kelele. Fundi wao Rod Holt akatengeneza pawa saplai ya kukatakata umeme, yaani inauwasha na kuuzima maelfu ya mara kwa sekunde, ili transfoma dogo litoshe na joto lipungue. Ilikuwa ya wati 38. Baadaye Jobs alidai dunia nzima iliiga kwa Holt. Hapo aliongeza chumvi, maana teknolojia hiyo ilikuwepo kabla, kwenye vyombo vya anga na mitambo ya bei mbaya. Ila ni kweli kwamba kuanzia hapo ilishuka mpaka mezani kwa mtu wa kawaida.

1981: stika iliyosema ukweli

IBM walitoa PC yao Agosti 1981. Pawa saplai yake ilikuwa ya wati 63.5. Najua unacheka, ila angalia hesabu:

Volti 5 kwa ampia 7, wati 35.
Volti 12 kwa ampia 2, wati 24.
Volti hasi 5 kwa ampia 0.3, wati 1.5.
Volti hasi 12 kwa ampia 0.25, wati 3.

Jumlisha: 63.5 kamili. Hakuna wati hewa. Shika hesabu hii, tutarudi nayo dukani.

Na ona kitu kingine: mzigo mkubwa ulikuwa kwenye volti 5, maana vipuri vya enzi hizo ndivyo vilivyokula. Volti 12 ilikuwa ya mota za diski zaidi.

Njaa ikaongezeka fasta. 1983 ikaja XT yenye diski ngumu ndani, wati 130. 1984 ikaja AT, wati 192. Enzi hizo mazabodi ilichomekwa plagi mbili zinazofanana, na kanuni ya mafundi ilikuwa moja: waya nyeusi zikutane katikati. Ukizigeuza, umeua bodi.

1995 na 2000: mambo yanageuka

1995 Intel walileta mpangilio wa ATX. Plagi zikawa moja, haiingii kinyume. Volti 3.3 ikaongezwa. Na switi ya mbele ikaacha kukata umeme wenyewe, ikawa inaomba tu bodi iwashe. Ndiyo maana mpaka leo ukizima mashine bila kuchomoa ukutani, kuna taa bado zinawaka. Kuna volti 5 ndogo inayokesha.

Mwaka 2000 ikaja Pentium 4, prosesa yenye njaa kinoma. Ukitaka kupeleka wati 60 kwa volti 5, unahitaji ampia 12. Kwa volti 12, ampia 5 tu. Ampia nyingi maana yake waya nene na plagi za moto. Kwa hiyo wakahamishia prosesa kwenye volti 12 na kuipa plagi yake ya pini nne. Hapo ndipo ufalme ulipohama. Volti 5 ikashuka cheo, volti 12 ikawa bosi.

Kadi za grafiksi zikafuata njia hiyohiyo. Soketi ya kwenye bodi inatoa wati 75, plagi ya pini sita 75 nyingine, ya pini nane 150. 2020 RTX 3090 ikaja na wati 350. 2022 RTX 4090 ikafika 450, na plagi mpya ya pini 16, na baadhi ya plagi hizo zikayeyuka. Nvidia wakasema tatizo kubwa ni watu kutosukuma plagi mpaka mwisho. 2023 plagi ikarekebishwa ili kadi isivute umeme kama haijakaa sawasawa.

Kadi hizi zina tabia nyingine mbaya: zinaruka. Ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde zinaweza kuvuta zaidi kabisa ya kiwango kilichoandikwa. Ndiyo sababu 2022 ikaja ATX 3.0, inayotaka pawa saplai ivumilie miruko hiyo bila kuzimika.

Sasa rudi nami dukani

Baada ya mkasa niligeuza ile maiti nikasoma stika ya pembeni, siyo ile ya dhahabu. Volti 12: ampia 32. Zidisha: wati 384. Kadi peke yake inataka 350, prosesa ya bosi 125. Tayari 475, hujagusa diski na feni. Hizo wati nyingine za kufika 750 walizijazia kwenye volti 5 na 3.3, ambazo siku hizi karibu hakuna anayezila. Yaani nilinunua mashine ya miaka ya tisini yenye stika mpya. Mbuzi kwenye gunia.

Kwa hiyo, kama mashine yako ina mzigo mzito, fanya hivi:

1. Piga hesabu ya walaji. Kadi 350, prosesa 125, bodi, diski na feni weka 75. Jumla 550. Ongeza kama theluthi moja kwa ajili ya miruko na uzee. Unafika kwenye 730 hivi. Chukua 750 ya kweli, au 850 ulale usingizi. Angalizo: kuna prosesa zimeandikwa 125 lakini zikikimbia zinavuka 200. Hesabia kile kikubwa.

2. Soma mstari wa volti 12. Ampia zidisha kwa 12. Jibu likiwa mbali sana na namba kubwa ya mbele, rudisha kabatini. Ya 850 nzuri inatoa karibu ampia 70 hapo.

3. Plagi zitoke kwenye boksi lenyewe. Ukiona unahitaji adapta kulisha kadi, boksi hilo halikutengenezwa kwa kadi hiyo.

4. 80 Plus siyo urembo. Alama hii ilianza 2004. Kama mashine inakula wati 400 na ufanisi ni asilimia 80, ukutani unavuta 500, na 100 zinakuwa joto. Ya Gold kwenye mzigo wa kati inafika asilimia 92 kwa umeme wa volti 230, unavuta kama 435. Kwa anayerenda saa nane kila siku ni nusu uniti ya LUKU. Ila inapima ufanisi tu, hainusuru diski yako. Uliza pia kama ina kinga ya volti kupanda, mzigo kuzidi na shoti.

5. Switi nyekundu ya 115/230. Mashine za mtumba zilizotoka Marekani zinaweza kuwa nayo, imewekwa 115. Ukichomeka hivyo kwenye umeme wetu, unasikia mlio niliousikia mimi. Angalia kwanza.

Na la sita, ambalo halihusu umeme: kazi ya mteja ikae sehemu mbili. Bora diski ya pili iwe nje ya keisi, imechomolewa.

Bosi sasa ana ya 850. Niliinunua mimi tena, safari hii bila chenji. Wale maharusi tulipita kwa wageni wao mmoja mmoja kuomba video za simu. Shangazi mmoja alikuwa na sekunde arobaini za bibi akiongea, kamera inatikisika, mziki umezidi sauti. Tukazisafisha tulivyoweza. Ndizo zilizobaki.

Geuza keisi yako leo, soma ule mstari wa volti 12, piga hesabu, halafu niambie hapo chini umepata ngapi. Usione aibu. Mimi nilipata 384 na nilikuwa najisifu.