Si kila mbegu inayochipua jikoni inafaa kuliwa

MCHICHA, mboga inayopenda joto, hudumaa katika miji ya nyanda za juu kati ya Juni na Agosti. Mjini Mbeya, ulio mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, joto la usiku mwezi Julai hushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Arusha na Nairobi baridi si kali kiasi hicho, lakini bustani za nyumbani huzorota vilevile.

Hata hivyo, mwenye kibaraza kidogo cha ghorofani hana sababu ya kukosa mboga. Sukuma wiki, spinachi, chainizi na figili hustahimili baridi, na huota vizuri katika ndoo kuukuu au gunia lililojazwa udongo na samadi iliyooza. Ndoo itobolewe chini ili maji yasituame. Umwagiliaji ufanyike asubuhi, kwa kuwa majani yanayolala na maji usiku wa baridi hukaribisha ukungu.

Tatizo ni subira. Sukuma wiki huhitaji mwezi mmoja na nusu au zaidi tangu kuhamishwa kitaluni hadi kuanza kuchumwa, na baridi huongeza siku.

Ndiyo maana chipukizi za choroko huvutia. Hazihitaji udongo wala jua, na wakati wa baridi huwa tayari kwa siku nne hadi sita. Familia nyingi zenye asili ya Kihindi katika miji ya Afrika Mashariki zimezila kwa vizazi. Hata kwa wengine kazi hii si ngeni, kwani kimea cha ulezi cha kutengenezea togwa na pombe hupatikana kwa njia hiyohiyo.

Choroko huchaguliwa, zilizovunjika zikatupwa, kisha huoshwa na kulowekwa usiku kucha katika maji safi. Asubuhi humwagwa maji na kuwekwa katika chupa yenye mdomo mpana iliyofunikwa kwa kitambaa chepesi, mahali penye giza na joto kiasi. Husuuzwa mara mbili au tatu kwa siku na kuchujwa vizuri.

Lakini chupa hiyo yenye unyevu na joto hulea pia vijidudu. Mwaka 2011 nchini Ujerumani, bakteria wa aina ya E. koli waliohusishwa na chipukizi za uwatu waliwaugua maelfu ya watu, na zaidi ya 50 wakafariki dunia. Uchunguzi ulielekeza kwenye mbegu zenyewe. Bakteria hujificha katika nyufa za mbegu, hivyo kuosha pekee hakutoshi. Kuzipika hadi ziive ndiyo kinga ya uhakika, japo sehemu ya vitamini C hupotea. Wajawazito, watoto wadogo, wazee na wagonjwa wasizile mbichi kabisa.

Hatari nyingine iko dukani. Mbegu za kupanda zinazouzwa katika maduka ya pembejeo mara nyingi hupakwa dawa yenye rangi nyekundu, kijani au buluu. Hizo ni za shambani tu. Kuziosha hadi rangi itoke hakuzifanyi chakula. Choroko za sokoni nazo huenda zilichanganywa na dawa ya unga ya kuzuia wadudu ghalani, hivyo mnunuzi hana budi kumwuliza muuzaji kabla ya kupima kilo.

Mtama usichipushwe kwa ajili ya kachumbari, kwani machipukizi yake machanga huwa na sumu ya sianidi. Maharage mekundu nayo huumiza tumbo vibaya yakiliwa mabichi, hata yakiwa yamechipua.

Chipukizi zilizo tayari zikihifadhiwa kwenye jokofu zitumike ndani ya siku mbili au tatu. Zikiteleza mkononi au kutoa harufu ya uchachu, zitupwe.