Wakolumbani na Utetezi wa Haki, Amani na Mazingira

Wakolumbani ni wamisionari wa Kanisa Katoliki wanaoitwa kwa jina la Mtakatifu Kolumbani, mmonaki wa Ayalandi aliyefariki mwaka 615 huko Bobbio, Italia. Shirika lao liliundwa rasmi mwaka 1918, waanzilishi wakiwa mapadri wawili, Edward Galvin na John Blowick, na shabaha ikiwa moja tu: kuihubiri Injili nchini China. Misitu, migodi na ujira wa vibarua havikuwamo katika hesabu zao. Hayo yalikuja baadaye sana, na mlango wa kwanza ulikuwa mashamba ya miwa.

Huko China kundi la kwanza lilifika mwaka 1920 na kuweka makao Hanyang. Mwaka 1931 mto Yangtze ulipofurika, wamisionari walijikuta wakigawa chakula zaidi kuliko kufundisha katekisimu. Wakomunisti waliposhika nchi, wageni hao walitimuliwa. Galvin, wakati huo askofu wa Hanyang, aliondolewa mwaka 1952. Uzito wa kazi ukahamia kwingineko, hasa Ufilipino, ambako shirika lilikuwapo tangu 1929.

Kisiwa cha Negros, Ufilipino, huishi kwa sukari. Ardhi ilishikwa na familia chache, na waliokata miwa ni watu waitwao sakada, ambao kwa Kiswahili tungewaita manamba bila kusita. Waliletwa kwa makundi kutoka visiwa jirani, wakalipwa kwa tani waliyokata, na wengi walikuwa wamekwisha kula malipo ya awali ya wakala kabla panga halijagusa bua la kwanza. Baada ya mavuno hufuata miezi ambayo wenyeji huiita kwa Kihispania tiempo muerto, wakati mfu: kazi hakuna, posho hakuna, na daftari la madeni dukani linazidi kunenepa.

Katika parokia za kisiwa hicho walifanya kazi mapadri wawili Wakolumbani, Niall O'Brien, mzaliwa wa Ayalandi, na Brian Gore kutoka Australia. Walijenga jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, muundo ambao Mkatoliki wa Afrika Mashariki anaujua vizuri. Kule Negros ulikuwa na makali zaidi. Watu walisoma Injili, kisha wakaulizana kwa nini jirani yao amenyang'anywa shamba, na mara nyingine walikwenda kwa wingi kumuuliza aliyelichukua.

Mwaka 1982 Pablo Sola, meya wa mji wa Kabankalan, aliviziwa na kuuawa. Mwaka uliofuata serikali ya Ferdinand Marcos iliwashtaki kwa mauaji hayo O'Brien, Gore, padri Mfilipino Vicente Dangan na walei sita. Wakaitwa Tisa wa Negros. Mapadri walipewa kifungo cha nyumbani, walei wakatupwa gerezani. Januari 1984 mapadri wakadai kuhamia gerezani Bacolod, wakae na wenzao. Rais alipotaka kuwasamehe walikataa, kwa kuwa msamaha hupewa mwenye hatia. Mashtaka yalifutwa Julai 1984, na wageni wawili wakaondoka nchini hadi Marcos alipoanguka mwaka 1986.

Ni haki kusema kwamba pasipoti ilisaidia. Magazeti ya Ayalandi na Australia yaliifuatilia kesi kwa sababu ya mapadri wao. Walei sita, kama wangeshtakiwa peke yao, huenda wangeozea mahabusu bila mtu wa ng'ambo kujua.

Mazingira yaliingia kwa njia ya milimani. Sean McDonagh, Mkolumbani aliyefika Ufilipino mwaka 1969, aliishi miongoni mwa Watboli wa kusini mwa kisiwa cha Mindanao, watu wanaofuma kitambaa kiitwacho t'nalak kutokana na nyuzi za abaka, mmea wa jamii ya mgomba. Wafumaji husema nakshi zake huwajia ndotoni. McDonagh aliona jinsi msitu uliowalisha watu hao ulivyokuwa ukiteremshwa kwa malori ya magogo. Mlima ukibaki kipara, mvua huubeba udongo. Udongo huziba mifereji ya mpunga, kisha hutua baharini juu ya matumbawe, na mvuvi asiyewahi kuuona msitu hurudi na nyavu tupu. Hoja hiyo aliijenga katika kitabu chake cha mwaka 1986, *To Care for the Earth*. Ndipo suala la ujira na suala la miti yalipokutana, kwani aliyepoteza mpunga wake ndiye aendaye kuwa manamba.

Wengine hawakungoja kitabu. Huko Midsalip, katika rasi ya Zamboanga, wakulima na Wasubanen, wenyeji wa asili wa milima hiyo, walifunga barabara za magogo mwishoni mwa miaka ya 1980, Wakolumbani wakiwa upande wao.

Upande wa amani umewagharimu zaidi. Rufus Halley, Mkolumbani mzaliwa wa Waterford, Ayalandi, alikaa miaka mingi kati ya Waislamu wa Mindanao, akajifunza Kimaranao na kupatanisha koo zilizokuwa zikiuana kwa visasi. Tarehe 28 Agosti 2001 aliuawa kwa risasi karibu na Malabang, akiwa kwenye pikipiki yake, na waliomlilia hawakuwa Wakristo peke yao.

Baada ya magogo ikaja migodi. Sheria ya madini ya Ufilipino ya mwaka 1995 iliwafungulia mlango wawekezaji wa nje. Mwaka 2006 ujumbe wa uchunguzi ulioongozwa na Clare Short, waziri wa zamani wa Uingereza, ulitembelea maeneo yaliyoathirika, na Wakolumbani ndio walioichapisha ripoti yake mwaka 2007.

Mapema zaidi, Januari 1988, maaskofu wa Ufilipino walikuwa wametoa barua ya kichungaji kuhusu uharibifu wa nchi yao, na McDonagh alikuwa na mkono katika kuiandika. Papa Fransisko alipotoa waraka wa *Laudato Si'* mwaka 2015, alinukuu barua hiyo katika aya ya 41, mahali panapozungumzia matumbawe yaliyogeuka makaburi chini ya bahari.