Paa wa Sultani Darai

Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London ngano alizozikusanya Unguja, mojawapo ikiwa ya Sultani Darai. Maskini mchakura jaa alimnunua paa kwa thumuni; paa akampatia mke, nyumba na mali. Paa alipougua, bwana wake alimnyima chakula chema. Mke ndiye aliyemlilia.

Tukitakiwa kuwasimulia watoto wadogo habari za mapenzi, wengi wetu hukimbilia arusi. Naona tunakosea: mtoto wa miaka sita hajui uchumba, bali kunyimwa anakujua sana. Msimulizi na anyamaze pale paa anapougua, awaulize watoto wangempikia nini. Kisha aendelee, wala asiwafiche mwisho: paa afa, na bwana azindukana yuko jaani, anachakura.