Jina la Kanga na Alama ya Reli: Neno la Wote na Alama ya Mmoja

Huko Kimbiji, katika pwani iliyokuwa zamani ya Temeke na ambayo leo ni ya Wilaya ya Kigamboni, mwanamke anunuaye kanga hutazama mambo matatu: pindo, mji na jina. Jina ndiyo maneno yaliyopigwa chapa chini ya mji, nayo mara nyingi huwa methali, shukrani au fumbo. Lakini mara nyingi yako maandishi mengine katika nguo ile ile, madogo na ya pembeni, yanayotaja kiwanda au mfanyabiashara. Maandishi hayo mawili hayafanyi kazi moja. Jina la kanga husema kwa niaba ya aliyeivaa. Maandishi ya pembeni husema nguo imetoka kwa nani.

Mfano ulio mashuhuri ni ule wa Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyejulikana kwa jina la Abdulla. Yeye hutajwa kuwa mtu wa kwanza kutia maneno ya Kiswahili katika leso, mwanzoni mwa karne ya 20. Leso zake zilitambulikana kwa herufi K.H.E. pamoja na maneno “Mali ya Abdulla”. Yafaa kuliangalia neno hilo “mali”. Abdulla hakudai kuwa methali ni mali yake. Alichodai ni kwamba leso ile imetoka dukani kwake, wala mwingine asiuze yake kwa jina la Abdulla. Methali ilibaki kuwa ya wote. Desturi hiyo ya kutenga jina na alama ilihamia katika viwanda vya Dar es Salaam: Urafiki, kilichofunguliwa mwaka 1968 huko Ubungo, mahali palipokuwa kwa miaka mingi katika Wilaya ya Kinondoni, na kile cha Karibu kilichoko Mbagala, Temeke.

Tofauti hii ya zamani imekuja kuchanganyika katika siku za mitandao ya kijamii. Mwezi wa Agosti mwaka 2007, Mmarekani Chris Messina alipendekeza kwamba watu waandikao katika Twitter watangulize alama # mbele ya neno, ili mazungumzo ya jambo moja yakusanyike mahali pamoja. Wasemaji wa Kiswahili walikuwa wakiijua alama hiyo katika simu zao, nao huiita alama ya reli, kwa kuwa mistari yake hufanana na njia ya gari moshi na mataruma yake. Haukupita muda mrefu wafanyabiashara wakaanza kuitangaza bidhaa kwa neno lenye reli, na kuwaomba wanunuzi walirudie. Hapo ndipo lilipozuka swali la sheria: je, neno ambalo watu wote wanaalikwa kulitamka laweza kuwa mali ya mmoja?

Ofisi ya alama za biashara ya Marekani ilianza kueleza msimamo wake mwaka 2013. Kwa kifupi, reli yenyewe haiongezi kitu. Neno lisilostahili kuandikishwa bila reli halistahili kwa sababu ya kutiwa reli. Mwaka 2019 baraza la rufani la ofisi hiyo lilikataa kuandikisha #MAGICNUMBER108, kwa sababu wasomaji wangeliona kuwa ni ujumbe uliokwisha kuenea, si ishara ya muuzaji mmoja. Mwaka huo huo, tarehe 12 Septemba, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua shauri la Mjerumani aliyetaka kuandikisha #darferdas? kwa ajili ya nguo. Mahakama ilisema kwamba yapasa kuzitazama njia zote ambazo alama yaelekea kutumiwa. Neno likiwa kifuani pa fulana laweza kuwa pambo au usemi tu, bali likiwa katika kipande cha chapa kilichoshonwa ndani ya ukosi, mnunuzi huelewa kuwa ni alama ya mtengenezaji. Mtu wa pwani hawezi kuusoma uamuzi huo asiikumbuke kanga.

Katika Tanzania Bara sheria inayohusika ni ile ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Zanzibar inayo sheria yake ya mwaka 2008. Sheria ya 1986 ilitungwa kabla ya mambo haya, wala haikuitaja reli. Hata hivyo msingi wake watosha: alama ni ishara ionekanayo kwa macho, yenye kazi ya kupambanua bidhaa au huduma za mtu na za wengine. Alama iliyoandikishwa hulindwa kwa miaka 7, kisha yaweza kuendelezwa kwa miaka 10 kila mara. Tuseme mwenye nyumba ya wageni anatangaza kwa #Kimbiji. Mvuvi, mwalimu na msafiri nao wataliandika neno hilo hilo, kila mmoja kwa haja yake. Neno hilo halimpambanui mtu, lataja mji. Lakini akibuni jina lake mwenyewe, lisilokuwa la mtu mwingine, alama yake yalindika, iwe na reli au isiwe nayo.

Hatari iliyo kubwa zaidi iko mbali na pwani, katika ofisi ambazo hazisikii Kiswahili. Kampuni ya Disney iliomba mwaka 1994 kuandikishiwa “Hakuna Matata” nchini Marekani, ikakubaliwa mwaka 2003 kwa ajili ya fulana. Watu wengi walilalamika mwaka 2018, nayo kampuni ikajibu kwamba haikumzuia mtu kusema maneno hayo. Mwaka 2006 ombi la kuandikisha “kikoy” lilipelekwa Uingereza. Likapingwa kwa niaba ya wafumaji wa Kenya, nalo likaisha bila kukubaliwa. Kwa sikio la mgeni kikoi ni sauti nzuri tu, bali kwa mwenyeji ni jina la nguo, kama vile shuka.

Si kwamba kila neno la Kiswahili lifungiwe milango ya biashara. M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, ni alama ya wenyewe. Pesa haikuwa yao, na ndiyo sababu Tigo Pesa na HaloPesa ziliweza kuzaliwa kando yake. Abdulla naye alifanya vivyo hivyo.

Kwa hiyo jambo hili si la mawakili peke yao. Mwandikishaji wa alama huamua kwa ushahidi, na ushahidi wa neno ni kamusi na matini yenye tarehe. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ilikuwa imekwisha kuyaweka maneno “kikoi” na “matata” mahali ambapo mtu yeyote angeweza kuyafungua. Misemo izaliwayo leo chini ya alama ya reli haina kamusi bado. Usipoandikwa na wenye lugha, pamoja na mwaka wake na maana yake, siku moja waweza kukutwa katika daftari la mtu mwingine, na mwenye kuutetea atakuwa hana karatasi ya kuonyesha.