Uchochezi: neno moja, makosa mawili

Wanafunzi wangu wa tafsiri hukwama mahali pamoja kila mwaka. Ukiwapa hati ya mashtaka ya Kiingereza, watakutana na neno la kosa la kuifanya serikali ichukiwe, kisha wakutane na jingine, mbali kabisa, la kosa la kuwatia watu chuki wao kwa wao. Wakigeukia Kiswahili chetu cha Kenya, cha redioni na cha magazetini, yote mawili wanayakuta yakiitwa uchochezi. Wananiuliza: Profesa, ni umaskini wa lugha? Mimi husema hapana. Ni historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita hapa Bonde la Ufa.

Kuchochea, tukianza na jiko, ni kusukuma kuni ndani na kupekua makaa ili moto ukolee. Kitenzi hiki kina siri ambayo waendesha mashtaka hawaitaji: anayechochea si lazima awe ndiye aliyewasha. Moto ulikuwapo.

Sasa tazama kifungu cha 56 cha Kanuni ya Adhabu, urithi wa mkoloni. Kiliorodhesha nia zinazolifanya neno kuwa uchochezi. Kuwafanya watu waichukie au waidharau serikali ilikuwa nia moja. Kuleta uhasama baina ya makundi ya wakazi ilikuwa nyingine. Kapu ni moja, adhabu ni moja. Fikiria basi maana yake hapa Nakuru, makao makuu ya walowezi. Agizo la mwaka 1939 liliwatengea Wazungu Nyanda za Juu. Mwafrika au Mhindi aliyesimama kusema kwamba huo ni ubaguzi wa rangi angeweza kuambiwa amefanya makosa mawili kwa sentensi moja: ameidharau serikali, na amefarakanisha rangi. Aliyebagua alikuwa na sheria mkononi. Aliyeutaja ubaguzi ndiye mchochezi.

Uhuru ulikuja 1963 na kapu likabaki. Kilichobadilika ni kwamba mahali pa rangi likaingia kabila. Mwaka 1969 Jean-Marie Seroney, wakili na mbunge wa Tinderet, alitoa Azimio la Nandi Hills akidai kwamba ardhi ya Nandi ni ya Wanandi, na kwamba watu wa nje wasiendelee kupewa. Alishtakiwa kwa uchochezi. Kesi hii hunisumbua zaidi ya nyingine zote, kwa sababu ndani ya azimio lile mna mambo mawili ya kweli. Mna swali halali kwa serikali ya Kenyatta: mashamba ya walowezi yanagawanywa vipi, na nani anayafaidi? Mna pia mstari uliochorwa kati ya mwenyeji na mgeni, mstari ambao miaka ishirini na kitu baadaye ulikuja kumwaga damu. Mahakama ingekuwa na maneno mawili, pengine tungelijibu swali la kwanza na kulikataa jambo la pili. Ilikuwa na moja tu. Swali na mstari vikazikwa pamoja, na vikafufuka pamoja.

Mwaka 1991 wapinzani walipodai vyama vingi, jibu la Rais Moi lilikuwa kwamba vyama vingi vitaleta ukabila. Mpinzani akawa mkabila kabla hajafungua kinywa. Lakini Septemba mwaka huohuo, Kapsabet na Kapkatet, wanasiasa wa chama tawala walisimama hadharani kunadi majimbo na kuwatisha wale walioitwa wageni. Mapigano yalianza Oktoba katika shamba la Meteitei. Kamati ya Bunge ya Kennedy Kiliku ilihesabu angalau vifo 779.

Basi nani alishtakiwa kwa uchochezi? Septemba 1993 serikali ilizifunga Molo, Londiani na Burnt Forest kwa sababu za usalama. Koigi wa Wamwere, aliyewahi kuwa mbunge wa Nakuru Kaskazini, alikamatwa Burnt Forest alikokwenda kujionea hali ya waliofukuzwa. Miongoni mwa mashtaka yake lilikuwamo la kupatikana na maandishi ya uchochezi. Yaani makaa yanawaka, na anayekamatwa ni aliyekuja kutazama moshi.

Kifungu cha 56 kilifutwa 1997, mazoea hayakufutwa. Baada ya umwagaji damu wa 2008 tulipata sheria dhidi ya matamshi ya chuki, nayo nasema ilihitajika. Neno madoadoa, kwa mfano. Asili yake ni sifa ya nguo au ya ng'ombe. Anayesema “tuondoe madoadoa” amemgeuza jirani kuwa uchafu, na nchi kuwa kitambaa cha mtu mmoja. Hapo hakuna hoja kwa serikali. Pana agizo dhidi ya watu. Ila Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano ilipochapisha orodha ya maneno ya chuki, madoadoa yalikaa orodha moja na hatupangwingwi, kauli ya Sheng yenye maana kwamba hatupangiwi mambo na mtu. Hilo ni neno la ubishi, tena lina kiburi kidogo, nakubali. Linamchukia nani?

Tarehe 18 Machi 2024, katika Mahakama Kuu ya hapa Nakuru, Jaji Samwel Mohochi aliamua kwamba kosa la vitendo vya kuhujumu serikali, chini ya kifungu cha 77, linakiuka Katiba. Kifungu hicho nacho kiliweka chuki baina ya jamii na dharau kwa maofisa wa umma katika kapu lilelile.

Darasani sasa nawaruhusu wanafunzi waandike uchochezi wa chuki kwa kosa la kwanza. Kwa la pili, naitisha neno jipya, na bado tunabishana. Mmoja wao alipendekeza tuandike tu “kuisema serikali”, kisha akauliza kama hilo lahitaji kuwa na jina la kosa.