Juisi ya Mboga: Vitu Unafaa Kujua Kabla Uwashe Blenda

Unatoa doh kila siku kununua juisi ya bitruti tao na unaweza kuitengeneza kwa keja? Mama mboga wako ako na kila kitu: bitruti moja, karoti mbili, kipande cha tangawizi na ndimu. Kata vipande vidogo, ongeza glasi ya maji, saga hadi ilainike. Sukari achana nayo kabisa.

Sasa, kwa kuosha ndio wasee wengi huchezea. Mboga ya sufuria inapita kwa moto, juisi haipiti. Na si siri kuna sukuma na spinachi za Nairobi hukuzwa na majitaka. So osha majani moja moja kwa maji safi yanayotiririka, karoti na bitruti sugua kisha umenye, na maji ya kusagia yawe yamechemshwa. Kama uko na mimba, hayo majani afadhali uyapike tu.

Usichuje. Ukichuja, nyuzinyuzi nyingi zinaenda na makapi, na hizo ndizo hukushibisha na kufanya sukari iingie kwa damu polepole. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, kwa hivyo glasi moja haijakutoa kwa deni. Sahani ya sukuma iko palepale.

Bitruti ina naitreti, ambayo mwili huigeuza kuwa gesi inayolegeza mishipa ya damu. Ndio maana inaweza kushusha presha kidogo. Kidogo, sio dawa! Kama mathako anameza tembe za presha, usimwambie aziache juu ya juisi. Anayetumia warfarin naye aongee na daktari kabla aanze kunywa sukuma na spinachi kila siku, juu vitamini K iliyo ndani hupunguza nguvu ya hiyo dawa. Na kama umewahi kupata mawe ya figo, bitruti na spinachi ziendee pole, ziko na okzaleti mob.

Halafu usipige nduru ukienda choo upate mkojo umekuwa pinki. Kuna watu bitruti huwafanyia hivyo, ni rangi tu.

Kunywa ikiwa freshi. Ikibaki, ifunike uweke kwa friji na uimalize ndani ya siku moja. Stima zikipotea usiku mzima, mwaga.